Darubini ya milimita 70 hapa Wesha: kazi yote iko kwenye kulenga

Nimekaa na darubini hii miezi minane na sasa naweza kuisema. Niliinunua dukani Dar es Salaam kwa shilingi 320,000, ikavuka bahari mara mbili, kwanza hadi Unguja kisha hadi bandari ya Mkoani hapa Pemba, nimeipakata njia nzima. Kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hicho hadi pale mwanga unapokutana, wa milimita 700. Ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10, kioo cha kuzidisha mara 3, stendi ya miguu mitatu ya alumini, na kidarubini kidogo cha kulengea kinachokuza mara 5, ambacho hupachikwa mgongoni mwa mrija mkubwa. Hicho kidogo ndicho kilichonisumbua kuliko vyote, na ndicho nataka kukieleza.

Nia yangu tangu mwanzo ilikuwa mwezi mwandamo. Kila tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu tunashuka pwani na kuangalia magharibi, na kila mara yupo anayesema ameuona na wengine kumi hawakuona kitu. Kutangaza ni kazi ya Ofisi ya Mufti, wala mimi sina neno hapo. Nilitaka tu jicho langu liridhike.

Jioni ya kwanza niliyoitoa, tarehe 29 Rajabu, sikuona kitu. Majirani walikuja na watoto wao, mzee mmoja mvuvi akaletewa kiti, nami nikahangaika na mrija mpaka giza likaingia. Kwenye kidarubini cha kulengea niliona nyuzi mbili zilizokatana zikikaa sawasawa pale nilipotaka. Nikihamisha jicho kwenye lenzi kubwa, anga tupu. Nikarudi kwenye kidogo, sawa. Kwenye kikubwa, tupu. Mwezi ule wenzetu waliusikia redioni, umeandama, nami nina darubini mkononi.

Kosa lilikuwa langu na pia la karatasi ya maelekezo. Karatasi iliandika tu kwamba ulinganishe kidarubini na mrija mkubwa kwa kutazama kitu cha mbali mchana. Nikachukua nazi iliyo juu ya mnazi wa uani, kama hatua 20 kutoka barazani, mita 15 hivi. Niliona inatosha kwa sababu ile nazi ilijaa kioo chote mpaka nikahesabu alama za kikonyo chake. Lakini ile mirija miwili imetengana sentimita 10. Ukiifanya ikutane kwenye nazi ya mita 15, ikishapita pale inapishana, na kila inavyokwenda mbele inazidi kuachana. Angani tofauti hiyo inafika karibu nyuzi 0.4 za pembe (digrii), nao mwezi mzima upana wake ni nusu nyuzi. Nilikuwa nimeweka lenzi ya milimita 10, inayokuza mara 70, na dirisha lake, yaani upana wa anga unaoonekana, halizidi nyuzi 0.7. Kile nilichokilenga katikati kilikuwa kimekaa nje ya ukingo.

Anayefunga darubini juu ya bunduki, hata zile za mchezo zinazopiga vigololi vya plastiki vya milimita 6, ana hesabu hiyohiyo. Yeye hulinganisha kwa umbali ule atakaopigia, mita 30 au 40, kwa sababu shabaha yake iko pale. Yangu iko kilomita 384,000. Basi kila kitu cha duniani nitakacholinganishia sharti kiwe mbali kadiri pwani inavyoniruhusu.

Sasa ninalenga Misali. Kutoka hapa kisiwa kinaonekana magharibi, na upande mmoja kuna mti uliochomoza juu ya wenzake. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliwaomba wavuvi msala, hawakuwa nao, akasema kisiwa hiki kimeelekea kibla, basi ni mithili ya msala. Mimi kimenifaa kwa kuelekea kwingine. Naanza asubuhi, kabla hewa ya juu ya maji haijaanza kuchezacheza kwa joto. Naweka lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 28 tu na kuonyesha anga pana kama miezi mitatu na nusu iliyopangwa ubavu kwa ubavu. Naupata ule mti, nauleta katikati, nakaza stendi. Hapo ndipo nageukia skrubu tatu za kidarubini, nalegeza moja kidogo huku nakaza iliyoielekea, mpaka nyuzi zikatane juu ya kilele cha mti. Kisha nabadilisha lenzi ya milimita 10 na kurudia, kwa sababu kilichokuwa katikati kwa mara 28 hakiko katikati kwa mara 70.

Jambo moja linamchanganya kila anayejaribu: kidarubini cha kulengea kinapindua kila kitu juu chini, miti ya Misali inaning'inia kutoka mawinguni. Mrija mkubwa, ukiwa na kiwiko chenye kioo kinachopachikwa kabla ya lenzi ya jicho, unasimamisha picha vizuri lakini unabadilisha kushoto na kulia. Mkono unakataa kutii kwa siku mbili tatu. Nilichofanya ni kuacha kufikiri pande, nikasukuma mrija kidogo tu na kutazama picha inakimbilia wapi. Jicho nalo lisibandikwe kwenye lenzi. Liache nyuma kidogo, mpaka duara lote la mwanga lionekane bila ukingo mweusi, na kichwa kikae palepale. Ukiinamisha kichwa pembeni, zile nyuzi zinahama juu ya mti ilhali mrija haukuguswa.

Stendi ni dhaifu, nasema wazi. Upepo wa kaskazi ukivuma, mwezi unatetemeka kama maji kwenye bakuli, na kwa mara 70 hautamaniki kuangalia. Nimeifupisha miguu, nakaa kwenye kibao, na katikati ya miguu ya stendi nimening'iniza pakacha la mawe ya pwani. Baada ya hapo kutikisika kumepungua sana. Kile kioo cha kuzidisha mara 3 sikitumii. Kwa lenzi ya milimita 10 kinadai mara 210, lakini kioo cha milimita 70 kikishapita kama mara 140 hakikupi kipya, kinakuza ukungu.

Kulikuwa na kitu kingine ndani ya boksi, kichujio kidogo cheusi cha kuangalia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Nimekivunja kwa nyundo. Joto lote linalokusanywa na kioo cha mbele linaangukia pale, kinaweza kupasuka wakati jicho lako liko juu yake, na jicho haliwahi. Hapa kwetu watoto hawakai mbali na kitu kipya. Jioni ninapongoja mwezi siondoi vifuniko, cha mrija wala cha kidarubini, mpaka jua limezama lote.

Tarehe 29 Shaabani nilitoka tena, na safari hii yule mzee ndiye aliyenifundisha nusu ya kazi. Mimi nilikuwa nimeelekeza mrija moja kwa moja juu ya Misali.

"Mwanangu, mwezi haufuati kisiwa. Jua umeliona limezama wapi?"

"Kushoto ya Misali, babu."

"Basi panda hapo hapo, taratibu."

Na ndivyo ilivyo. Huku kwetu karibu na Ikweta jua na mwezi vinashuka karibu wima, kwa hiyo mwezi mchanga hukaa juu ya pale jua lilipozama, kushoto au kulia kidogo, pembe zimetazama juu kama dau. Ngumi ukiinyoosha mbele ya uso ni kama nyuzi 10, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za kushuka. Ukiwa juu kwa ngumi moja una dakika 40. Tukaswali Magharibi palepale mchangani, tukanyanyuka, bado kuna wakati.

Niliweka lenzi ya milimita 25, nikaanzia jua lilipozama na kupanda kwa kufagia, kushoto kulia, kushoto kulia. Mara ya nne kitu kikapita. Nikarudi. Uzi mweupe, mwembamba kuliko nilivyodhani, umekatika katikati kama mstari wa chaki kwenye ukuta wa chokaa. Nilimwachia mzee nafasi, akaangalia kimya, kisha akanyanyua uso na kuutafuta kwa macho yake matupu. Haikupita dakika kumi akaupata, akanyoosha kidole. "Huo. Na bamvua la safari hii nilishaliona linajaa."

Siku nyingine namlenga Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, au pete za Zohali kwa mara 70, nazo zinapendeza kweli. Lakini kila nikitaka kulenga chochote, kwanza nakagua zile skrubu. Ni za plastiki, chumvi na unyevu vinazilegeza, na safari moja ya pikipiki hadi mjini Chake Chake inatosha kuziharibu. Nimezungushia kipande cha mpira wa baiskeli chini ya pete na sasa zinashika wiki mbili tatu. Lenzi nazihifadhi kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, na sizifuti kwa kanga, napuliza vumbi kwanza, maana punje moja ya mchanga inachora kioo.

Ukitaka kununua ya aina hii, mwombe mwenye duka aitoe nje, muifunge pamoja, mlenge antena au paa la jengo lililo mbali. Kisha ugonge mrija kwa kidole na utazame kama zile nyuzi zimebaki pale pale.