Lipu ya nyumba ya kale ya mawe: chokaa ipi ununue, na saruji iishie wapi

Kuta za nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mara nyingi udongo umechanganywa humo. Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia lipu. Ukiupiga saruji, maji hukosa njia. Chumvi iliyomo ukutani hugeuka fuwele nyuma ya lipu, huisukuma, na siku inapobanduka hushuka pamoja na uso wa mawe. Hatari kubwa zaidi iko juu: ncha za boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani hubaki na unyevu, zikaoza, na dari ikaanza kulegea. Ndiyo maana orodha hii imepangwa kwa kigezo kimoja: lipu inauachaje ukuta upumue.

1. Chokaa ya kuloweka iliyokomaa. Hii ndiyo bora. Ni chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, kisha ikahifadhiwa chini ya maji miezi mitatu au zaidi hadi ikawa laini kama siagi. Hushika vizuri mwikoni na haipasuki kirahisi. Ukinunua kwa mchomaji, chota kutoka chini ya pipa na uisugue kwa vidole. Ukikuta punje ngumu, ichujwe. Punje ambazo hazijazimika huja kulipuka ukutani baadaye na kuacha vishimo. Ukiizima mwenyewe, tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwagie chokaa maji, kwa kuwa huchemka na kuruka. Vaa miwani na glovu.

2. Chokaa ya kuloweka pamoja na unga wa matofali ya kuchoma. Nunua hii kwa ajili ya bafu na sehemu ya chini ya ukuta, kwa sababu unga huo huifanya chokaa ikaze hata penye unyevu. Changanya chokaa 1, unga wa matofali 1, mchanga 2. Matofali yawe yaliyochomwa kwa moto wa wastani. Yaliyoungua hadi kuwa kama kioo hayafai kitu.

3. Chokaa ya unga ya mfuko. Hii ndiyo inayopatikana madukani, na ndipo wengi wanapotapeliwa bila hata muuzaji kujua. Mifuko mingi inayoitwa chokaa, hasa ya kilimo na ya kuchorea viwanja, ni mawe yaliyosagwa tu, hayashiki mchanga. Mfuko halisi nao ukikaa wazi muda mrefu hunyonya hewa na kurudi kuwa jiwe. Pima kabla ya kulipa: lowesha kijiko kimoja cha unga, kamulia ndimu. Ukitoa povu jingi, uache. Ukiwa mzuri, ufunike kwa maji usiku kucha au zaidi kabla ya kuchanganya na mchanga.

4. Chokaa na saruji. Mafundi waashi huipenda kwa kuwa hukauka haraka. Kwa ukuta wa matumbawe ni chaguo la mwisho. Ukilazimika, usipite saruji 1, chokaa 2, mchanga 9.

5. Saruji tupu. Ibaki kwenye ukuta mpya wa matofali ya saruji.

Kiasi: ukuta wa mita za mraba 20, lipu ya milimita 20, ni mita za ujazo 0.4. Ongeza robo kwa mabonde ya ukuta wa zamani, upate 0.5. Kwa mchanganyiko wa chokaa 1 na mchanga 3, nunua mchanga mita za ujazo 0.5 na chokaa ya kuloweka lita 170, yaani ndoo 9 za lita 20. Usijumlishe hivyo viwili: chokaa huingia kwenye nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Kwa chokaa ya unga ni takriban kilo 100. Chukua mifuko mitano ya kilo 25, mmoja uwe wa akiba. Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufukweni usiuguse, unaleta chumvi uliyotaka kuikimbia.

Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka mbili za milimita 10 kila moja. Tabaka nene hupasuka. Funika kwa magunia mabichi angalau siku tano, maana chokaa hukaza kwa hewa na unyevu, na ikikaushwa na jua huwa unga. Acha wiki moja au mbili kabla ya tabaka la pili.

Mji Mkongwe ukarabati wa nje unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, basi kipate kabla ya kuagiza mchanga. Kwenye bajeti weka pia chokaa ya kupaka, kupaka mara nne au tano, kila mara kwa wepesi. Rangi ya plastiki juu ya lipu hii huziba ukuta sawasawa na saruji.