Glosari za nyangumi na pomboo: nlizotumia mimi, ipi imenisaidia ipi imenila bando

Wadau, nna kama miezi miwili nahangaika na hizi glosari, yaani orodha za istilahi na maana zake, naandaa maelezo ya Kiswahili kwa manahodha na vijana wanaopeleka wageni kuangalia pomboo pale Kizimkazi, Zanzibar. Nasema nilichokiona.

Ninayoipenda zaidi ni ile iliyomo kwenye mwongozo wa FAO (lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mamalia wa baharini, wa mwaka 1993. Unaudaunilodi bure kabisa, ni PDF, na uzuri wake istilahi unazisoma huku michoro ya wanyama wenyewe ipo humohumo. Chukua neno fluke, ukilitafuta kwenye kamusi za kawaida unaletewa habari za kubahatisha au ukucha wa nanga, kumbe huku ni upande mmoja wa mkia wa nyangumi, na ukitazama mchoro unaona ule mkia umelala bapa, unapiga juu na chini, wakati wa samaki umesimama na unapiga kushoto na kulia. Nlipomuonesha nahodha mmoja mchoro huo kwenye simu akasema basi hapo huna haja ya kumuelezea mgeni mara mbili kwa nini pomboo si samaki.

Na kila spishi wameipa jina la Kilatini, Kiingereza, Kifaransa na Kispanyola, Kiswahili hakuna, hilo linauma lakini ntarudi hapo.

Sasa tatizo lake, na ni kubwa kwetu sisi wa pwani hii. Ni wa zamani. Pomboo wengi tunaowaona Kizimkazi leo wanaitwa Tursiops aduncus, ila mwaka 1993 walikua bado wanawekwa kapu moja na Tursiops truncatus, na yule mwenye nundu mgongoni ambaye sasa ni Sousa plumbea humo utamkuta ndani ya Sousa chinensis. Ukinakili tu bila kuangalia umeshakosea. Mi nafanya hivi, maana ya neno natoa FAO, jina la spishi nakwenda kuhakiki kwenye orodha ya Society for Marine Mammalogy, chama cha wanasayansi wa mamalia wa baharini, ambayo wanaipitia upya mara kwa mara na nayo ni bure.

Kuna ensaiklopidia kubwa ya mamalia wa baharini, toleo la tatu la 2018, glosari iko nyuma. Nzuri mno, ila bei yake jamani, tafuteni maktaba ya chuo.

Ya kukimbia ni saiti moja sitoitaja. Neno moja linakupeleka kwa lingine, hilo lingine linakurudisha ulikotoka, nlizunguka nusu saa kwa neno melon tu! Mwanafunzi mmoja tuliyekua naye alishaandika tikiti kwenye daftari. Kumbe melon ni lile bonge la shahamu kwenye paji la uso la pomboo, linakusanya milio anayotoa na kuielekeza mbele, mwangwi ukirudi anajua kuna nini. Afu saiti hiyohiyo inamuweka killer whale kama nyangumi basi, haikwambii kua yuko familia moja na pomboo, Delphinidae, kwa hiyo anayetafsiri anaandika nyangumi muuaji na anaendelea zake.

Turudi kwenye Kiswahili. Wavuvi wetu wana maneno, pomboo, nyangumi, nguva, hata ambari ile inayotoka kwa nyangumi mwenye meno tunayo siku nyingi kwa sababu ya biashara. Kinachokosekana ni maneno ya kazi ya utafiti. Mfano stranding, kwa wanasayansi linabeba mnyama aliyekwama pwani akiwa hai na aliyeletwa na maji keshakufa. Aprili 2006 pale Nungwi walikutwa pomboo mamia wamekufa, watu wa kule wanakumbuka, na ukitaka kuandika habari ile kwa Kiswahili lazima useme wazi walikwama wakiwa hai au walifikishwa na maji, maana neno moja la kubeba vyote hatuna. Hapo hamna glosari iliyonisaidia, nlikwenda kukaa na wazee wa ufukweni.

Anayeanza aanze na FAO, kila neno aandike Kilatini kando, kisha anipe listi yake tulinganishe, yangu imefika maneno 64.