Musée Curie, Paris: makumbusho madogo yenye kemia nzito

Haya ni makumbusho ya chumba kimoja na ushee, namba 1 mtaa wa Pierre et Marie Curie, wilaya ya 5, katika jengo lililokuwa la Taasisi ya Radiamu. Jengo lilikamilika mwaka 1914, na Marie Curie aliongoza maabara yake humu mpaka alipofariki mwaka 1934. Kiingilio ni bure. Hufunguliwa Jumatano hadi Jumamosi, saa 7 mchana mpaka saa 11 jioni. Kwa treni ya RER B unashuka Luxembourg, kisha unatembea dakika chache. Kabla ya kwenda angalia ratiba, maana Agosti hufungwa.

Wageni wengi huingia, wakaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Marie, wakapiga picha ya meza, wakatoka. Hapo wameacha kitu bora kuliko vyote: vyombo vya kupimia. Simama kwanza mbele ya kwazi (kipande cha fuwele), elektromita (kipimio cha chaji ndogo za umeme) na chemba yenye sahani mbili za metali. Kwa vyombo vya aina hiyo ndipo poloniamu na radiamu, elementi zitoazo mionzi, zilipogunduliwa mwaka 1898, miaka mingi kabla jengo hili halijawapo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unga wa madini ulitandazwa juu ya sahani ya chini. Sahani zilikuwa na kipenyo cha sentimita 8, zimeachana sentimita 3, na kati yake ziliwekwa volti 100. Mionzi iliifanya hewa ipitishe umeme, ila umeme wenyewe ulikuwa mdogo mno, wa kadiri ya ampia 10⁻¹¹. Kuusoma moja kwa moja kwa usahihi ilikuwa taabu, ndipo kwazi ilipotumika: ukiivuta kwa uzito, inatoa chaji ambayo kiasi chake kinajulikana. Marie aliuachia uzito polepole kwa mkono mmoja ili doa la mwanga kwenye kipimio lisitoke kwenye sifuri, na mkono wa pili umeshika saa ya sekunde. Chaji ukigawa kwa muda, mkondo umepatikana. Unyevu kidogo tu kwenye vihami (vipande vya kuzuia umeme usipite), chaji inavuja na kipimo kinaharibika. Baadaye likaja tatizo lingine: gesi inayotoka kwenye radiamu ilichafua hewa, nguo na vyombo, hata chemba tupu ikaonyesha umeme.

Jua namba hizi kabla hujafika, kwa sababu ndizo zinazovipa vyombo hivyo maana. Katika vipimo vya Marie vya 1898, uraniamu ya metali ilitoa 2.3 (mara ampia 10⁻¹¹), na uraninaiti, madini yenye uraniamu, ya Johanngeorgenstadt, Ujerumani, ikatoa 8.3. Madini ya kalkolaiti, yenye shaba na uraniamu, yalitoa 5.2. Marie akaitengeneza kalkolaiti mwenyewe kwa kemikali safi, ikatoa 0.9 tu. Kama uraniamu pekee ndiyo ingekuwa chanzo, kalkolaiti ya ardhini isingeweza kuishinda uraniamu tupu. Ilibidi iwepo elementi nyingine isiyojulikana. Hoja hiyo ni ya kikemia kabisa, na inatosha kuwajibu wanaodhani Marie alikuwa msaidizi tu wa mumewe Pierre.

Ofisi na maabara yake binafsi ya kemia unavitazama kutoka kizuizini. Vyumba vilisafishwa mionzi mwaka 1981, na haikuwa woga wa bure: nusumaisha ya radiamu, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni takriban miaka 1,600, kwa hiyo chembe zilizodondoka hapa mwaka 1934 hata leo hazijapungua kwa asilimia 5. Ukitazama meza ya maabara, kumbuka kazi iliyomfanya ajulikane: tani za mabaki ya madini kutoka Joachimsthal, Bohemia. Radiamu hufuatana na bariamu katika kila hatua, hivyo njia pekee ilikuwa kuunda fuwele za kloridi tena na tena. Chumvi ya radiamu ni ngumu kidogo zaidi kuyeyuka kwenye maji kuliko ya bariamu, kwa hiyo kila mara fuwele zinabaki na radiamu nyingi zaidi kuliko maji yanayobaki. Mwaka 1902 alikuwa amepata desigramu moja ya kloridi ya radiamu, akakadiria uzito wa atomi kuwa 225. Leo tunasema 226.

Lipo pia sanduku la mbao lililokingwa ndani kwa metali ya risasi, lililobebea gramu moja ya radiamu aliyokabidhiwa Marie na Rais Harding wa Marekani mwaka 1921. Wanawake wa Marekani waliichangia, na bei yake ilikuwa dola 100,000. Msomaji wa Likasi au Lubumbashi atavutiwa na yaliyofuata: mwaka 1922 Wabelgiji walianza kutoa radiamu kutoka madini ya Shinkolobwe, Katanga, na bei ya dunia ikaporomoka. Sehemu ya vipodozi vya Tho-Radia vya miaka ya 1930, krimu za uso zilizotiwa radiamu, inasikitisha na inafaa kuonwa.

Kisha vifaa vya Irène Joliot-Curie, binti wa Marie, na mumewe Frédéric. Januari 1934 waliipiga karatasi ya aluminiamu kwa chembe za alfa kutoka kwenye poloniamu, ikaendelea kutoa mionzi hata chanzo kilipoondolewa. Kuthibitisha kwamba imezaliwa fosforasi yenye mionzi kulihitaji mkemia mwepesi: kuyeyusha karatasi kwenye asidi, kuikusanya gesi, na kupima, yote ndani ya dakika 3 hivi, kabla mionzi haijaisha. Mionzi ikafuata gesi. Irène na mumewe walipata Nobel ya kemia mwaka 1935.

Lawama yetu kubwa ni kwamba familia imepewa uzito mkubwa mno. Zaidi ya wanawake 40 walipita katika maabara ya Marie, Ellen Gleditsch wa Norwei akiwa mmoja wao, na mgeni asiyewajua anaweza kutoka bila kushika hata jina moja. Ingia nalo la Marguerite Perey. Aliajiriwa mwaka 1929 kama msaidizi mwenye diploma ya ufundi wa kemia, na Januari 1939 akagundua fransiamu, elementi ya 87. Alisafisha aktiniamu haraka kiasi cha kuipima kabla mazao yake mengine hayajarundikana, akaona mionzi ya beta yenye nusumaisha ya dakika 21 hivi. Mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, ile ile iliyomkataa Marie mwaka 1911.

Maelezo ni ya Kifaransa na Kiingereza, mashine haziendeshwi, na vikundi sharti viweke nafasi mapema. Tenga saa moja na nusu. Ukiwa na mwanafunzi wa kemia wa sekondari, mpe zile namba nne za 1898 aende nazo.