Melee: mchezo nimeupenda, wakala wa mizigo simsamehe

Niliagiza Melee, mchezo wa mezani wa kupigana mapanga, mtu na mtu, kama walivyopigana askari wa Ulaya wa zama za kati. Nimesubiri miezi. Kilichonifika mkononi ni boksi lililopasuliwa kwa kisu, kete zimefutikwa ndani ya bahasha kuukuu, na kijana wa wakala wa mizigo hapa Mjini ananambia mbele ya watu: "Ami, mtu mzima na ndevu zako, pesa zote hizi kwa vikaratasi vya watoto?"

Vikaratasi! Nikamuuliza nani kakupa ruhusa ya kufungua mzigo wa mtu. Ati walikuwa wanakagua. Ukaguzi gani huo, mpaka ramani iliyokunjwa ndani ikakatika? Ramani ndiyo uwanja wenyewe. Imechorwa vijumba vya pembe sita, na kisu kimepita katikati, pale pale watu wanapokutana. Nimeunga kwa selotepu, kete zinakwama juu ya mshono na kugeuka upande. Na mchezo huu wote ni nani kamwelekea nani: ukimpata mwenzio ubavuni au kisogoni unaongezewa nafuu ya kumpiga. Nikadai fidia. "Lete risiti." Risiti wamebaki nayo wao! Pole moja tu ingenitosha, sikuipata.

Kwa hivyo nilitaka kutoa nyota moja, nimalize.

Lakini nisiudhulumu mchezo. Aliutunga Steve Jackson wa Marekani mwaka 1977, ukatolewa upya 2019, na sheria zake chache zina akili ajabu. Mpiganaji ana namba mbili, ya nguvu na ya wepesi, basi. Upanga mzito unataka mwenye nguvu. Kupiga ni kurusha dadu 3, jumla isizidi wepesi wako. Deraya ya mabamba ya chuma inakukinga pointi 5 za maumivu katika kila pigo, ila inakupunguzia wepesi kwa 6.

Mpwa wangu, mtoto wa skuli, alimvisha mtu wake hiyo deraya, akampa upanga na ngao. Wepesi wa 12 ukabaki 6. Anapiga, anakosa. Anapiga tena, dadu zinasoma 11. Wangu kavaa ngozi tu, nikamwingia mwilini, maana sheria inaruhusu kumkumbatia mwenye mwendo mdogo kuliko wako, na wake chuma kimemfanya mzito. Hapo upanga na ngao vinaanguka, linalofanya kazi ni jambia au mkono mtupu. Jambia hakumpa. "Mjomba, si haki!" Ni haki kabisa, na ndivyo chuma kinavyomwelemea mtu. Tulicheza mpaka adhana ya magharibi, na kesho yake akaja na wenzake.

Nyota tano, basi. Tano kamili kwa mchezo, na hao waliouita vikaratasi sifuri, wala siwaongezei nusu. Kila nikiuona ule mshono damu inanichemka upya.

Agizeni, lakini msipitishe kwa wakala. Mwenye ndugu anayekuja kutoka nje amwombe autie kwenye begi la mkononi, boksi lenyewe dogo. Na yule kijana, nataka aniombe radhi mbele ya watu wale wale.