TAHADHARI: Muuza nyoka mwenye foronya ya maua, msimkaribie

Nimekaa na jambo hili siku tisa kwa aibu. Wengi wenu mkitaka kununua nyoka hunipigia mimi. Mimi ndiye niliyemkatalia shemeji yule mjusi mwenye taya lililopinda, mkasema najidai. Basi chekeni. Nimepigwa, tena mchana kweupe. Hapana, si mchana, na hapo ndipo uzembe wangu ulipoanzia: ilikuwa saa moja jioni, giza linaingia.

Tulikubaliana nikamwone nyoka nyumbani kwake. Nilipokaribia akapiga simu: mtoto amelala, tukutane hapo nje kwenye maegesho. Akaja na foronya ya maua iliyofungwa fundo. Ndani chatu mdogo, dume, wale wanaojiviringa kama mpira wakiogopa. Akamtoa, akaniwekea mkononi. Alikuwa na unyevunyevu. Mbona amelowa? "Nimemwogesha, anajivua gamba." Nikawasha tochi ya simu. Jamaa akanishika mkono kwa upole kabisa: "Usimmulike machoni ndugu yangu, akiwa anajivua haoni vizuri, utamtia hofu." Nikazima. Jamani, nilizima tochi mwenyewe! Kila nikilala naiona ile tochi ikizimika.

Kisha nikasikia kama kifilimbi, tii, tii, kila akivuta pumzi. Nikauliza. "Gamba la puani linalegea." Ni kweli kigamba kikinasa puani nyoka anaweza kupiga mluzi kidogo, nalijua hilo, na ndiyo maana likaniingia. Angekuwa mjinga akaniambia nyoka anaimba ningemrudishia palepale. Yule chatu hata hakunikaza kifundo cha mkono, alilala tu kama mkanda wa suruali. Nikasema, kwa mdomo wangu huu: "Lo, mpole huyu!" Jamaa akatabasamu.

Kabla hamjaniuliza nilimwamini vipi: huyu mtu alinihoji mimi. Upande wa joto una digrii ngapi? Nikasema 32. Upande wa baridi? 26. Una thamostati ya kudhibiti joto? Ana pa kujificha pande zote mbili? Akasema yeye hampi nyoka mtu asiyejua kutunza, na wiki ile alikuwa ameshamkatalia mnunuzi mmoja. Tapeli gani anamfanyia mteja usaili? Nilisimama pale nikijiona nimefaulu mtihani. Akanipa na daftari la malisho: panya mmoja kila siku 7, uzito gramu 650. Na mnajua nilivyokuwa tangu Tausi aondoke. Hapo sisemi zaidi. Nikatoa akiba ya miezi minne bila hata kuomba apunguze.

Asubuhi nikamkuta amejizamisha mzima kwenye bakuli la maji. Chini ya bakuli chembe nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Nikachukua karatasi nyeupe yenye maji nikampangusa mgongoni na chini ya kidevu. Chembe zikatembea. Utitiri! Nikaminya mmoja kwa ukucha, ikatoka damu. Nikamweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 410. Nikapitisha kidole mgongoni, uti umesimama kama mkuku wa mashua iliyopinduliwa.

Nikampigia simu. Mnajua alinijibu nini? "Anajivua gamba. Akimaliza atanenepa."

Daktari wa mifugo alimfungua mdomo kwa kijiti cha plastiki, ute ukavutika kama gundi. Akaniambia nyoka hana kiwambo chini ya mapafu kama sisi, kwa hiyo hawezi kukohoa makohozi yakatoka. Yanajaa ndani hadi anainua kichwa juu kutafuta hewa. Machoni ana ngozi kuukuu iliyobaki juu ya jicho, imejikunja. Hiyo si dalili ya nyoka anayejivua, ni ya nyoka aliyeshindwa kujivua! Anayejiandaa kwa kweli hufifia rangi, tumbo huwa jekundu kwa mbali, macho yote mawili hufunga ukungu wa samawati halafu hutakata kabla gamba halijatoka. Wangu hakuwa na hata moja. Sasa anapigwa sindano kila baada ya saa 72, na ute umechukuliwa kupimwa virusi vya nido, vile vinavyoshambulia mapafu ya chatu. Majibu bado.

Na la kunimaliza kabisa ni hili. Boksi lake nililiweka rafu moja na la Mzee, nyoka wangu mwingine. Usiku mmoja tu, nilijiambia, kesho nitamhamisha. Karantini ya miezi 3 ninayowahubiria nyote, chumba cha peke yake, koleo lake, bakuli lake, kunawa mikono, nikaiacha kwa sababu ya usingizi. Siku ya tano Mzee naye yumo kwenye bakuli la maji. Hawa wadudu hushuka kutoka kwa nyoka wakataga mayai kwenye nyufa, kwa hiyo nimevunja rafu nzima, nimechoma mbao, na bado nikikaa najikuna.

Mnaoniuliza mngetazama nini: mwoneni nyoka mchana, na mkiambiwa zima tochi ondokeni. Chunguzeni kuzunguka macho na kwenye mkunjo wa kidevu. Msogezeni sikioni, mzima hapigi mluzi wala hatoi mapovu. Akishikwa akaze, ulimi utoke utoke. Mgeuzeni chali taratibu, mzima hujigeuza mara moja. Tundu la haja liwe safi. Mwombeni muuzaji amlishe mbele yenu, ingawa dume wa aina hii anaweza kugoma kula miezi mizima akiwa mzima wa afya, na jamaa huyu kisingizio hicho anacho tayari mfukoni. Yapo mengine, nipigieni, sasa hivi mkono unatetemeka.

Huyu mtu afungiwe kila mahali anapotangaza. Alipe gharama za daktari, za Mzee pia. Anyang'anywe wanyama wote walio ndani ya nyumba ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuingia, maana sasa naelewa kwa nini "mtoto" hulala kila mteja akifika. Wawili wameshanitumia ujumbe, na wao walikutana naye kwenye maegesho, jioni. Kumwogesha nyoka ili utitiri uzame saa moja kabla ya mnunuzi kuja, hiyo si bahati mbaya, hiyo ni kazi mtu anayoifanya akijua. Kuna sheria za ukatili kwa wanyama, na nimepanga picha zote na karatasi za daktari.

Lile daftari nimelisoma tena jana. Miezi mitano, kalamu moja, wino mmoja, mwandiko haujayumba hata siku moja. Hata ile wiki aliyoniambia alikuwa safarini, panya ameliwa kwa tarehe.

Leo asubuhi ameweka tangazo jipya. Chatu jike, "mpole sana, anajivua gamba". Pembeni ya picha inaonekana foronya, ileile ya maua.