Uzoefu Wangu na Seti ya Kutengenezea Pysanka Nyumbani

Seti ninayoizungumzia hapa ni ya kutengenezea pysanka, yaani mayai ya Pasaka yanayopambwa kwa nta na rangi kwa mtindo wa Ukraine. Niliinunua kwa bei isiyofika dola 50 hapa Edmonton, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, ambako watu wenye asili ya Ukraine ni wengi kiasi kwamba mji wa Vegreville, ulio mashariki kwetu, una yai kubwa la alumini lililosimamishwa mwaka 1975, nalo hugeuka kufuata upepo. Ndani ya sanduku mna kalamu tatu za nta ziitwazo kistka, kipande cha nta ya nyuki, mshumaa, pakiti za rangi ya unga, kichupa cha vanishi na karatasi ya maelekezo.

Mtu aliyewahi kuona batiki ikitengenezwa Dar es Salaam ataielewa kazi hii mara moja, kwa sababu kanuni ni ileile: palipofunikwa nta rangi haipiti. Unachora kwanza yale yatakayobaki meupe, unalitumbukiza yai katika rangi ya njano, unafunika kwa nta yatakayobaki ya njano, kisha unaendelea na rangi ya machungwa, nyekundu, na mwisho nyeusi. Rangi hafifu hutangulia, nzito hufuata, na ukishavuka hatua huwezi kurudi nyuma.

Kilichonifurahisha zaidi ni kistka zenyewe. Kila moja ni kijiti chenye faneli ndogo ya shaba iliyofungwa kwa waya kwenye ncha, na zinatofautiana kwa ukubwa wa tundu. Unaipasha faneli katika mwali wa mshumaa, unakwangua nta kwa mdomo wake, unairudisha motoni kidogo, halafu unachora. Masizi huifanya nta kuwa nyeusi, jambo lenye manufaa, kwani mstari unaonekana vizuri juu ya ganda jeupe. Mkono wenye kistka hutulia na yai ndilo linalozungushwa. Kwa namna hiyo hata mstari wa kulizunguka yai zima hutoka umenyooka. Ile yenye tundu la wastani ndiyo ninayoitumia karibu kwa kila kitu, wakati ile nyembamba huziba mara kwa mara na huhitaji kuzibuliwa kwa uzi wa waya.

Rangi nazo ni nzuri. Huyeyushwa katika maji yanayochemka, huongezwa kijiko cha siki isipokuwa pale pakiti inaposema vinginevyo, kisha huachwa zipoe kabisa, kwa kuwa rangi yenye joto hulainisha nta. Si rangi za chakula, kwa hiyo yai lililopitia humo haliliwi.

Malalamiko yangu yanahusu maelekezo na vanishi. Karatasi haisemi popote kwamba mikono inapaswa kuwa safi, ilhali mafuta ya vidole huacha madoa yasiyoshika rangi. Haisemi pia kwamba yai linalofaa ni bichi, lisilo na ufa, na lisilotolewa kiini, maana yai tupu huelea juu ya rangi badala ya kuzama. Sanaa ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ilistahili zaidi ya ukurasa mmoja wenye michoro iliyofifia. Ama vanishi iliyomo ni ya maji, na vanishi ya maji huziyeyusha rangi hizi: yai langu la kwanza kupakwa lilichuruzika weusi juu ya mistari myeupe. Niliwaandikia wauzaji, nao wakanijibu kwamba seti ikishafunguliwa hairudishwi. Tangu hapo ninatumia vanishi ya mafuta niliyoinunua katika duka la vifaa vya ujenzi.

Hatua ya kuondoa nta ndiyo inayowakusanya watu wote wa nyumbani mezani. Kufikia hapo yai ni jeusi tii, lina mabonge, na halipendezi hata kidogo. Unaliweka kando ya mwali, si juu yake, mpaka nta ianze kung'aa, kisha unaifuta kwa tishu. Njano, wekundu na weupe vinajitokeza sehemu kwa sehemu kadiri unavyofuta.

Wapo wanaoliacha yai na kiini chake likauke lenyewe kwa miaka, lakini likipasuka harufu yake haivumiliki, kwa hiyo mimi hulitoboa na kulitoa vilivyomo baada ya vanishi kukauka. Pampu ndogo ya kazi hiyo haimo katika sanduku. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 10 siishauri seti hii, kwani moto na nta iliyoyeyuka vinahitaji utulivu wa mkono. Kwa mtu mzima anayeanza, nadhani ni nafuu zaidi kununua kistka ya wastani, nta na pakiti chache za rangi kimoja kimoja.