MMSE au IDEA kwa mzee asiyejua kusoma?

MMSE, kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa akili cha mwaka 1975, kina alama 30. Mara nyingi chini ya 24 huzua shaka ya dimenshia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Lakini humtaka mzee asome amri na kuitii, aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizoingiliana. Asiyewahi kushika kalamu hupoteza alama kabla kumbukumbu yake haijaguswa.

IDEA, kipimo kingine cha aina hiyo, kilitengenezwa wilayani Hai, Tanzania: alama 15, na kuanzia 7 kushuka huashiria dimenshia. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti nne za kiberiti kwa kuiga mpangilio wa mpimaji. Pia hutaja wanyama kwa dakika moja.

Kijijini, chukua IDEA. Ila kagua macho na masikio kwanza: mwenye mtoto wa jicho atakosea njiti hata kama akili ni timamu.